Papa hataki plani ya nyumba yetu mpya ku Kyeshero: eti "barza iko wapi?" Munisaidie

Kijana_wa_Virunga (Goma)

Jambo yenu wote. Niko na swali ya nyumba, itakuwa ndefu kidogo, munivumilie juu hii kitu inaninyima usingizi.

Miye nilikomalia mu nyumba ya mbao, karte Virunga. Papa aliijenga 2002, miezi kidogo kisha lave kupita. Wenye walikuwa Goma wanakumbuka, tarehe 17 Januari Nyiragongo ilipasuka, lave ikapita katikati ya muji mpaka ku lac, na nyumba yetu ya kwanza, ya bloki sima, yenye papa alikuwa amejenga miaka tano, ikabaki chini ya mawe. Papa aliporudi alitafuta borne ya parsele hakuiona, akapima kwa macho kufwata kipande ya ukuta ya jirani yenye ilikuwa bado inatokea, akapanga mawe juu ya mawe, akapiga mbao. Lave ilikuwa ingali na joto, mama anatuambiaka kama alikuwa anaanika nguo chini juu ya mawe na zinakauka mbele ya saa sita. Ile nyumba njo ilitulea, batoto sita.

Sasa mimi na bibi yangu tumeweka kidogo kidogo miaka nane, tumepata parsele ku Kyeshero, metre 15 kwa 25, inatelemuka upande wa lac. Hatukutaka kununua nyumba yenye imekwisha kujengwa, juu nyingi zinajengwa za kupangisha, salo moja kubwa na vyumba kama sanduku, fundi mumoja anarudilia plani moja karte nzima. Tulitaka nyumba yenye imechorwa juu yetu: siye wawili, batoto watatu, papa na mama wenye wanazeeka, na mashini ya kushona ya bibi yangu yenye inatulishaka. Tulipata arshitekte kijana, akatuchorea. Plani ni muzuri kweli ku macho. Etaji moja, paa tambarare ya dali (beto ya kumwanga), vioo kutoka chini mpaka juu upande wa barabara, kwizini amerikeni yenye inafunguka ku salo, na garaji chini kabisa, yenye itachimbwa ndani ya lave juu parsele inatelemuka.

Papa aliangalia ile karatasi muda murefu, akaigeuza, akaangalia tena. Kisha akauliza: "Barza iko wapi?" Nikamwambia papa, hii ni modeli ya sasa, haina barza. Akasema: "Basi mutu akikuja kuniona atakaa wapi? Atapita moja kwa moja mu salo na viatu, ao atasimama ku mulango kama mutu wa kudai deni?" Na hakuongeza neno. Tangu siku ile kila nikisema juu ya nyumba anabadilisha maneno.

Sasa nauliza. Paa ya dali ni muzuri kwa mvua yetu? Ukuta nifanye ya mawe, ya bloki, ao ya nini? Na ile maneno ya barza, ni uzee wa papa tu, ao kuna kitu anaona yenye miye sioni? Sipendi kujenga nyumba yenye papa ataingia kama mugeni.

Fundi_Muhumba (Bukavu)

Jambo mutoto wangu. Mimi ni masoni hapa Bukavu, nilianza kubeba burueti (toroli) niko na miaka 16, leo naelekea 50. Ya papa yako nitayasema nyuma, nianze na uzito juu uzito njo unauaka watu.

Udongo ya Kivu inatetemeka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya yenga (Jumapili) asubuhi, tetemeko ilitupiga hapa Bukavu na ngambo kule Rwanda pia. Kisha pale nilizunguka nyumba nyingi juu watu walikuwa wananiita niangalie. Kuna moja sitaisahau. Ya matofali ya kuchoma, muzuri, imepakwa rangi, wenyewe walikuwa wamemaliza kulipa deni yake. Kona ya nyuma ilikuwa imefunguka kutoka juu mpaka karibu na chini, niliingiza mukono mpaka ku kiwiko. Nikaangalia ndani, hakuna poto (nguzo ya beto yenye fero, vyuma, ndani) ku kona, hakuna shenaji (mukaba ya beto na fero yenye inafunga ukuta zote) juu, matofali tu yamepandana na mortie. Ukuta mbili zilikuwa jirani, hazikuwa ndugu. Na parsele ya pembeni kulikuwa nyumba ya mbao ya muzee mumoja, ilichezacheza, vikombe vikaanguka, basi. Ile ya mawe na udongo yenye ilikuwa chini kidogo, ukuta mupana hivi, ilianguka yote upande wa inje.

Kwa hiyo ukuta ya mawe mupaka juu, apana. Nyinyi wa Goma muko na mawe ya lave bure mu parsele, mutumie chini: fondasio na subasma ya mawe na mortie ya sima yenye nguvu, hata metre moja juu ya udongo, ni kitu ya muzuri sana, itakaa kuliko siye wote. Juu ya pale weka shenaji ya kwanza, kisha bloki, poto ku kila kona na pale ukuta zinakutana, shenaji ingine juu ya milango na madirisha, ingine pale ukuta inamalizikia. Fero za poto ziingie ndani ya shenaji na zikunjwe, zisikatwe pale. Beto ya poto: mufuko moja ya sima, burueti moja ya mchanga, burueti mbili za gravie. Na maji kidogo! Vijana wanapenda beto yenye inakimbia kama uji juu inamwangika mbio, lakini ile maji ikikauka inaacha matundu ndani, nguvu inapotea. Halafu mumwagilie beto kila siku, wiki nzima, hata kama fundi anakuambia imekauka.

Na kama unataka etaji, iamuliwe leo ku fondasio. Kuna watu wanajenga chini wanaacha fero zinatokea juu kama ndevu, eti mwaka wenye unakuya nitapandisha. Miaka tano mvua inapiga zile fero, kutu inazikula, kisha mutu anakuya kuweka dali ya tani nyingi juu yake.

Ya papa: mimi niko upande wake. Nitaeleza kesho, simu inazimika.

Mama_wa_Himbi (Goma)

Mwanangu, nimesoma na nimeona nyumba yangu mwenyewe mu plani yako, njo maana naandika.

Tulijenga miaka sita imepita, na kwizini amerikeni vilevile. Niliipenda sana mu picha. Lakini siye tunapikiaka makala. Gazi iko, tunatumia asubuhi juu ya chai, lakini maharagi ya saa tatu juu ya moto utayapika na gazi ya nani? Na sombe (majani ya muhogo)? Na kukoroga fufu ya watu kumi, unataka mahali pa kuweka miguu ujishike chini, si ile meza ya marbre. Miezi sita plafo ya salo ikakuwa na rangi ya chai, kanapé zikanuka ndakala, mugeni akiingia anajua kila kitu umekula tangu juma tatu. Na ile moshi ya makala ni sumu, usiku ya baridi mutu anafunga madirisha, braziero ingali inawaka, asubuhi kichwa inauma nyumba nzima. Siku moja mutoto wangu wa kwanza hakuamuka vizuri, alikuwa anatapika, tukamutosha inje kwa upepo akarudilia pole pole. Kesho yake nikaita fundi mbao. Akanijengea kwizini ya inje, mbao upande tatu, upande moja wazi, manjanja (mabati) juu, meza ya sima ya kuweka braziero mbili. Pale njo tunaishi. Watoto wanafanyia masomo yao pale, bamama wenzangu wakikuya wanatafuta kiti pale, kwizini ya ndani iko na friji na vikombe.

Na ile vioo kutoka chini mpaka juu ku barabara: yangu tangu tuingie rido zimefungwa. Mchana jua inaingia inachoma fotele, usiku taa ikiwaka kila mupita njia anahesabu watu wenye wako ndani. Ukipenda vioo, peleka upande wa lac ao upande wa kiwanja ya ndani.

Na mashini ya bibi yako imewekwa wapi mu ile plani? Sijaona umesema.

Plani_na_Kalamu (Goma)

Niko mwanafunzi wa arshitektire, mwaka wa mwisho. Naomba niongee juu ya vitu viwili, paa na garaji, na garaji njo ya haraka zaidi.

Yaya, USICHIMBE GARAJI CHINI. Unajua mazuku. Upande wetu wa magaribi ya muji, kutoka Kyeshero kuendelea Lac Vert na Bulengo, mu lave munatoka gazi karbonike, ile njo tunaita mazuku. Ile gazi ni muzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu, inashuka inalala mu mahali pa chini kama maji, zaidi usiku na asubuhi mapema pale hakuna upepo wala jua ya kuisukuma. Mu mashimo yake utaona mijusi na ndege wamekufa bila kidonda. Mbuzi anainama kukula majani, mwenyewe amesimama pembeni anapumua vizuri, mbuzi anaanguka. Sasa wewe unataka kuchonga shimo ndani ya ile lave, uweke mulango, na mutoto ashuke pale saa kumi na mbili asubuhi kutafuta mpira. Hata kama parsele yako haina mazuku leo, lave iko na mapasuko, na kisha mulipuko ya 22 Mei 2021 na yale matetemeko ya wiki nzima, mapasuko mapya yalifunguka mu karte nyingi. Uende OVG, ofisi ya wataalamu wa volkano iko hapa hapa Goma, uwaambie wakuambie juu ya ile sehemu mbele ya kutia baramina chini. Gari ikae juu, chini ya manjanja. Hata fosi ya choo, wenye wanachimba wafanye mchana, wawili wawili, mumoja abaki juu na kamba.

Juu ya paa. Paa tambarare si kitu ya juzi. Hii ya dali ilitoka na beto ya fero, na mu miaka ya 1920 Le Corbusier aliifanya kuwa moja ya sheria zake tano za nyumba mpya, pamoja na nguzo za kuinua nyumba na dirisha ndefu za kulala. Picha zenye tunaonaka leo ku simu, zile villa nyeupe kama sanduku, ni bajukuu ba ile kazi. Lakini Villa Savoye yenyewe, ile aliijenga Poissy karibu na Paris, ikamalizika 1931, ilivuja. Wenye nyumba walimuandikia barua na barua juu ya maji yenye inaingia. Na pale ni Poissy! Siye Goma mvua inaanza Septemba, inapumzika kidogo Januari, inarudia mpaka Mei, na ni mvua yenye inaangusha ndoo si matone. Dali inapata nyufa kidogo za tetemeko, maji inatafuta ule ufa, inafika ku fero, na umesikia fundi alisema nini juu ya kutu.

Ongeza tena moshi ya Nyiragongo. Inachanganyika na mvua, mvua inakuwa na asidi, njo maana manjanja zetu zinakula kutu mbio. Kwa hiyo paa yako iinamishe sawasawa, nyuzi 25 ao 30, manjanja nzito yenye rangi ya fabriki, na misumari yenye kofia ya mupira. Gutieri ipeleke maji mu sitereni (tanki) juu robine unaijua mwenyewe vile inakaa siku ngapi bila kutoa. Lakini ile maji ya mvua mutumie kuoga na kufua. Ya kukunywa mutafute ingine, juu moshi ya volkano inatia pia fluor mu mvua, na fluor nyingi inaharibu meno ya batoto.

Arshitekte yako simulaumu, tunafundishwa na vitabu vya Ulaya na picha za Dubai, na kliya naye anakuya na picha ku simu.

Ndosho_Juu (Goma)

Mimi naona munamukatisha tamaa kijana wa watu. Kila mara mutu akitaka kujenga kitu muzuri, wakubwa wanaanza kusifu nyumba ya mbao. Nimekomalia mbao na mimi. Usiku wa Julai upepo inapita kati ya mbao unasikia mu mifupa. Panya. Jirani akikohoa unasema pole. Na moto! Birere tumeonaka mara ngapi, mushumaa moja inaanguka, nyumba ishirini zinaisha kabla ya watu kukusanya ndoo. Papa yake alijenga mbao juu hakukuwa kitu ingine, si juu alikuwa anapenda. Siye watu wa hapa tuna haki ya kukaa mu nyumba ya kudumu, yenye mutu anaweza kusema hii ni ya familia yangu, na hata ikipita lave tutajenga tena. Vioo, etaji, afanye. Ajenge tu vizuri.

Kichuguu (Lubumbashi)

Jambo bandugu ba Kivu. Nasomaka hapa kimya lakini ile neno barza imeniamusha.

Kwetu huku Lubumbashi udongo haitetemeke kama kwenu, hatuna volkano, lakini maneno ya papa yako naijua. Muji yetu ilianza 1910, iliitwa Elisabethville, na nyumba za bazungu ba kwanza mingi zilikuwa na barza, zingine barza inazunguka nyumba nzima, juu Oktoba huku jua inachoma na ukuta yenye iko mu kivuli haipate moto. Bazungu balikamata ile neno kwetu, baraza, mpaka leo mu kifaransa ya Kongo banasema "la barza". Kwa hiyo mutu asikudanganye kama barza ni kitu ya kijiji.

Nyumba yetu ni ya kampi, ile nyumba ndogo zenye Union Minière ilijengea batumishi, kisha ikakuwa Gécamines. Zote zilikuwa sawasawa, mustari mizima, numero ku mulango. Leo pita mu ile kampi, hutaona mbili zinafanana. Mumoja amefunga barza akafanya chumba ya mutoto mwanamuke, mungine ametoboa dirisha ku barabara anauza mukate, mungine ameongeza nyuma nyumba ya kupangisha pale kulikuwa boyeri (nyumba ndogo ya boyi). Bantu balizichora upya bo benyewe, pole pole, miaka makumi. Na nakuambia kitu moja: benye balifunga barza, mingi benyewe balijenga ingine mbele, hata ya manjanja na miti mbili.

Papa yangu alijenga nyumba ya pili ku Katuba na matofali ya kichuguu. Sijue kama Goma muko nazo. Huku mu parsele unakutaka kichuguu kubwa kupita nyumba, mchwa bamekusanya ule udongo miaka mingi, ni laini, inashikana, inafanya tofali muzuri sana. Tulikuwa batoto, tunachota maji, tunakanyaga udongo na miguu, papa anajaza mu forme ya mbao, tunaanika mwezi mumoja mu kiangazi, kisha tunapanga tanuru, kuni siku tatu usiku na mchana, papa analala pembeni ya tanuru juu moto isishuke. Ile kichuguu iliisha yote, ikakuwa nyumba. Nikigusa ukuta ya kwetu naona vidole, mu tofali moja ya pembeni ya dirisha kuna alama ya kidole ya ndugu yangu mudogo mwenye alishaka kufa. Ndugu, nyumba yenye imechorwa juu yako si lazima ifanane na ya Dubai.

Mu plani yako yote nimetafuta papa na mama batalala wapi. Kama ni ku etaji, ngazi itabakatalia inje miaka kidogo yenye inakuya.

Fundi_Muhumba (Bukavu)

Narudi, simu imepata moto.

Ndugu wa Ndosho umesema kweli kuhusu moto na baridi, siwezi kukupinga. Hapa Kadutu mbao zinaungua vilevile, nyumba zimebanana mpaka hata ndoo haipite. Lakini tusitupe mbao yote. Kijana, sikiliza wazo langu, ukalipeleke kwa arshitekte yako. Chini: subasma ya mawe, ukuta ya bloki na poto na shenaji kama nilivyosema, na chumba ya wazee iwe chini, karibu na choo. Juu: etaji ya mbao. Mbao ya muzuri, imekauka, imepakwa dawa, mbili mbili na nafasi katikati juu ya baridi, ndani unaipiga plafo. Ni nyepesi, fondasio itakushukuru, na tetemeko ikija haitawaangushia dali ku vichwa. Kwizini na moto yote ibaki chini ao inje, juu isipande hata braziero moja. Mimi nilifanya moja hivi huku Nguba, mwenyewe alikuwa na mashaka, leo analeta wageni kuangalia.

Sakafu ya etaji ikiwa ya mbao utapunguza pia fero na sima, ile pesa iingie mu fondasio na mu manjanja.

Na ya barza. Nimejenga villa nyingi zenye hazina, juu mwenye pesa njo anaamua. Narudia kule kisha mwaka moja kwa kazi kidogo, nakuta muzee wa nyumba ameketi ku kiti ya plastiki kati ya gari na ukuta ya parsele.

Kijana_wa_Virunga (Goma)

Bandugu, mama, fundi, asanteni sana. Nimesomea bibi yangu yote jana usiku. Ile swali ya mashini ilimuuma, juu ni kweli, mu plani haikuwa na mahali, tulikuwa tunasema tutaona. Na wazazi walikuwa ku etaji, eti juu ya kuona lac.

Leo tulienda kwa arshitekte na tuliongea saa mbili. Garaji ya chini imefutwa, kuhusu mazuku alinyamaza akasema alikuwa amesikia lakini hakufikiria kwa parsele yetu. Tutapita OVG wiki hii mbele ya kitu chochote. Paa imekuwa ya kuinama. Juu ya etaji ya mbao alifurahi kuliko nilivyofikiria, akatosha karatasi ingine pale pale akaanza kuchora. Vioo vimehamia upande wa lac, kwizini ya inje iko, chumba ya wazee iko chini na dirisha mbili. Mashini itakuwa ku mwisho wa barza, na dirisha ya ubavuni juu ya mwangaza, kliya wake wasipite mu salo.

Yaya wa Ndosho, ya baridi nimeiweka mu akili, mbao itakuwa mbili.

Mangaribi nilimupelekea papa ile karatasi mpya. Alivaa miwani. Aliweka kidole ku barza, akauliza upana. Arshitekte ameandika metre 1 na 20. Papa alisimama, akakamata viti viwili vya mu nyumba, akavipanga vinaangaliana, akaweka kameza katikati, akapima na hatua zake mu chumba yote, akarudilia, akasema haitoshe. Fundi, metre ngapi?

Fundi_Muhumba (Bukavu)

2 na nusu. Viti viangaliane, meza katikati, na mwenye kubeba sahani apite nyuma bila kusema pardon. Na uinamishe sima yake kidogo upande wa inje, santimetre 3 zinatosha, maji ya mvua isirudie ku mulango. Musalimie papa.